Haworth: Mji wa Uingereza uliozika watoto kwa kukosa maji na vyoo

Ukiwaambia watu wa Uingereza kwamba unakwenda Haworth, watakutajia vitabu. Mji huu mdogo wa Yorkshire, kaskazini mwa nchi hiyo, ndiko walikokulia ndugu watatu wa kike wa familia ya Brontë: Charlotte, Emily na Anne. Riwaya zao zinasomwa dunia nzima, na hata huku kwetu wapo waliokutana nazo shuleni. Watalii humiminika Haworth kwa ajili yao, na mabango ya njia za kwenda nyikani yameandikwa pia kwa Kijapani.

Mimi nilikwenda kwa sababu ya namba mbili: 25.8 na 41.6.

Namba hizo ziliandikwa mwaka 1850 na mkaguzi wa serikali aliyeitwa Benjamin Herschel Babbage, aliyetumwa kuchunguza hali ya afya ya mji. Alipitia kumbukumbu za vifo na kukuta kwamba wastani wa umri wa watu waliokufa Haworth ulikuwa miaka 25.8. Na katika kila watu 100 waliokufa, karibu 42 walikuwa watoto ambao hawajafikisha miaka sita. Nilizisoma namba hizo kwa mara ya kwanza nikiwa chuoni, na tangu siku hiyo nilitaka kuuona mji wenyewe.

Nafasi ilipatikana nilipokwenda kumtembelea dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ni muuguzi katika jiji la Leeds. Tulikwenda yeye, mimi na binti yake wa miaka mitano aliyeahidiwa kupanda garimoshi la moshi.

Kwenda Haworth ni rahisi. Kutoka Leeds unapanda treni ya kawaida hadi Keighley, mwendo wa takribani nusu saa. Hapo Keighley unavuka kwenda majukwaa ya upande wa pili, na ni kama umerudi miaka 100 nyuma: mabehewa ya mbao, vibao vya zamani, na injini ya mvuke inayopumua kama ng'ombe aliyechoka. Reli hii inafuata bonde la mto Worth kwa kilomita nane hivi hadi Oxenhope. Ilifunguliwa mwaka 1867 kwa ajili ya viwanda vya sufu, ikafungwa na shirika la reli mwaka 1962, kisha wenyeji wakaungana, wakaichukua na kuifungua tena mwaka 1968. Hadi leo wengi wanaoiendesha ni watu wanaojitolea. Mzee aliyetukatia tiketi alikuwa mstaafu. Ukipita kituo cha Oakworth, ujue kwamba hapo ndipo ilipopigwa filamu ya watoto ya mwaka 1970, The Railway Children, ambayo wazazi wa Uingereza bado huwaonyesha watoto wao.

Mji wenyewe umeng'ang'ania ubavu wa bonde. Kituo kiko chini, na kanisa liko juu. Katikati kuna barabara kuu, kali ya kupanda hadi magoti yanalalamika, iliyotandikwa mawe. Mawe hayo yalipangwa ili kwato za farasi zipate mahali pa kushika. Pande zote mbili kuna nyumba za mawe meusi zilizobanana, na leo nyingi ni maduka ya chai, sabuni, vitabu na keki. Ni mahali pazuri, penye maua madirishani. Ni vigumu kuamini alichokiona Babbage kwenye barabara hiyo hiyo.

Choo kilichotazama mji mzima

Aprili 1850 Babbage alipofika, Haworth haikuwa na bomba la maji taka hata moja. Maji machafu yalipita juu juu kwenye mitaro ya wazi. Kila kona ilikuwa na jalala, na kwenye majalala hayo kilitupwa kila kitu: kinyesi cha watu, samadi ya wanyama, mabaki ya machinjioni.

Alihesabu vyoo. Vilikuwa 69 kwa mji mzima, yaani kwa wastani choo kimoja kwa nyumba nne au tano, lakini wastani huo unaficha mengi. Sehemu moja nyumba 24 zilitumia choo kimoja. Viwili, kila kimoja kikitumiwa na familia kama 12, vilikuwa barabarani kabisa, mbele ya wapita njia. Kingine kilijengwa mahali palipoinuka, aliyekuwamo akiutazama urefu wote wa barabara kuu, na barabara kuu ikimtazama yeye.

Shimo la choo hicho lilikuwa chini yake, na lilikuwa na mlango mdogo uliofungukia barabarani. Mara kwa mara uzito wa uchafu uliusukuma mlango ukafunguka, na vilivyomo vikamwagika njiani. Hatua mbili tu kutoka kwenye mlango ule palikuwa na bomba ambalo majirani waliteka maji ya kunywa.

Dada yangu aliponisikia nikimweleza hayo, alisimama katikati ya mlima, akatazama juu, akatazama chini. "Yaani kwa huu mteremko," akasema, "chochote cha juu lazima kije kwa wa chini." Hakuhitaji kusoma ripoti.

Maji yenyewe yalikuwa machache. Palikuwa na visima na pampu kadhaa, baadhi zikiwa zimeharibika. Wakati wa kiangazi kisima kimoja kilichotegemewa sana kilitiririka polepole mno, kiasi kwamba maskini walikwenda saa nane au saa tisa usiku kupanga foleni ili wapate maji ya kufulia Jumatatu. Mara nyingine maji yaligeuka ya kijani na kunuka hata ng'ombe wakayakataa. Mama wa Haworth ya 1850 na mama wa mtaa wa kwetu mwenye ndoo kichwani alfajiri wangeelewana bila mkalimani.

Kazi nayo iliua. Watu wengi wa bonde hili waliishi kwa sufu, na kabla mashine hazijatwaa kazi hiyo, uchanaji wa sufu ulifanyika majumbani. Machanuo ya chuma yalipaswa kuwa ya moto, kwa hiyo jiko liliwaka mchana kutwa na pengine usiku kucha, madirisha yamefungwa ili joto lisitoke. Katika chumba hicho hicho familia ilikula na kulala, na mtoto mchanga alivuta hewa hiyo hiyo.

Wastani si umri wa kufa

Hapa naomba tusimame kidogo, mzazi mwenzangu, kwa sababu namba ya 25.8 hueleweka vibaya. Hata baadhi ya wanaowaongoza watalii huisema kana kwamba mtu wa Haworth akifika miaka 25 alijiandaa kwa jeneza. Sivyo.

Chukua watu kumi. Wanne wakifa wakiwa na miaka miwili, na sita wakafika miaka 42, wastani wa umri wao wa kufa ni miaka 26. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekufa akiwa na miaka 26. Wastani umevutwa chini na wale wanne wadogo.

Ndivyo ilivyokuwa Haworth. Walikuwapo wazee wenye mvi. Patrick Brontë mwenyewe, baba wa wale waandishi, alifariki mwaka 1861 akiwa na miaka 84. Aliyevuka utoto alikuwa na nafasi nzuri ya kuwa babu. Tatizo lilikuwa kuvuka utoto. Kwa hiyo ukisikia kwamba umri wa kuishi katika nchi fulani umepanda kwa miaka kadhaa, usifikiri mara moja kwamba wazee wameongezewa siku. Uliza kwanza ni watoto wangapi wameacha kufa.

Makaburini inaonekana wazi zaidi kuliko kwenye hesabu. Uwanja wa makaburi wa Haworth uko kati ya kanisa na nyumba ya mchungaji, umejaa mawe yaliyosimama na mengine yaliyolazwa kama meza. Soma jiwe moja moja: mama, baba, kisha watoto, mmoja miezi mitano, mwingine mwaka mmoja na nusu, mwingine miaka mitatu, wakati mwingine jina la marehemu wa kwanza limerudiwa kwa mdogo aliyefuata, naye akafa. Binti wa dada yangu ndiyo kwanza anajifunza kusoma namba, akawa anazisoma kwa sauti. Tulimwacha asome tatu nne hivi, kisha dada akamshika mkono wakaenda kutazama ndege.

Babbage alihesabu kwamba watu 1,344 walizikwa hapo katika miaka kumi iliyotangulia ziara yake. Alilalamikia hasa yale mawe yaliyolazwa, kwamba yanafunika ardhi yote, hewa haipiti na majani hayaoti, hivyo miili haiozi inavyopaswa. Alishauri makaburi yafungwe. Miti mirefu unayoiona leo, iliyojaa kunguru wenye kelele, ilipandwa mwaka 1864 ili isaidie kukausha ardhi.

Mchungaji aliyeandika barua

Aliyemfanya Babbage afike Haworth ni mchungaji wa mji, Patrick Brontë. Mtoto wa familia ya hali ya chini kutoka Ireland, alijisomesha hadi Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha mwaka 1820 akaja Haworth na mke wake Maria na watoto sita wadogo. Mwaka uliofuata, Septemba 1821, Maria alifariki kwa saratani. Mdogo wa mwisho, Anne, hakuwa hata na miaka miwili.

Mwaka 1825 aliwapoteza binti zake wawili wakubwa kwa kifua kikuu, Maria mwenye miaka 11 na Elizabeth mwenye miaka 10, baada ya kuwarudisha nyumbani wagonjwa kutoka shule ya bweni. Charlotte, aliyekuwa shule hiyo hiyo, hakuisahau. Shule ile ya baridi na chakula kibaya aliyoiweka kwenye riwaya ya Jane Eyre ilitoka huko.

Halafu ikaja miezi minane ambayo sijui mzazi anaipitaje. Septemba 1848 alikufa Branwell, mtoto pekee wa kiume, akiwa na miaka 31, mwili wake umeshachoshwa na pombe na afyuni. Desemba akafuata Emily, miaka 30. Mei 1849 akafuata Anne, miaka 29, aliyepelekwa pwani ya Scarborough kwa matumaini kwamba hewa ya bahari ingemsaidia. Alizikwa huko huko.

Agosti ya mwaka huo huo wa 1849, miezi mitatu tu baada ya Anne, jina la Patrick Brontë lilikuwa kwenye ombi lililopelekwa London. Waombaji walitaka bodi ya afya ya taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1848, itume mtu aikague Haworth. Mzee alikuwa na miaka 72.

Niseme jambo moja ambalo huenda lisipendwe na wauza historia. Mara nyingi utasikia kwamba maji ya makaburi ndiyo yaliyowaua akina Brontë. Ni hadithi inayovutia, na nyumba yao kweli inatazamana na makaburi. Lakini nyumba iko juu kidogo ya makaburi, na kifua kikuu hakinywewi kwenye maji ya makaburi. Kinaenea kwa hewa, mtu anapokohoa katika chumba kilichofungwa, mwingine akavuta. Watu walioishi pamoja, wakalala pamoja na kuuguzana ndani ya nyumba ya mawe yenye baridi waliambukizana. Waliouawa na maji machafu ya Haworth ni wale wa chini ya mlima, ambao hawakuandika riwaya.

Hata hivyo nilifanya hesabu yangu pale kwenye benchi. Jumlisha umri wa kufa wa watoto wote sita wa Patrick, gawanya kwa sita. Inakuja miaka 24.8. Familia ya mchungaji, yenye vyumba vya kutosha, vitabu na mtumishi, haikuufikia hata wastani wa mji.

Charlotte alibaki peke yake na baba yake. Aliolewa Juni 1854, akafariki Machi 31, 1855, mjamzito, akiwa na miaka 38. Cheti cha kifo kilitaja kifua kikuu, lakini wanaosoma barua za wiki zake za mwisho wamevutwa na jambo jingine: kichefuchefu kisichokoma na kutapika hadi hakuweza kubakiza chochote tumboni. Wengi leo wanaamini ilikuwa ile hali ya kutapika kupita kiasi wakati wa ujauzito. Hali hiyo bado ipo. Mjamzito anayetapika kila anachokula na kunywa, anayepungua uzito, ambaye mkojo wake umekuwa mchache na wa rangi nzito, asiambiwe kwamba ni mimba tu itapita. Apelekwe kituo cha afya, atundikiwe maji, apewe dawa. Charlotte hakuwa na chupa ya maji ya kutundikiwa.

Moto, pazia na nguo za pamba

Nyumba ya familia sasa ni makumbusho, tangu mwaka 1928. Humo kuna meza waliyoandikia, nguo za Charlotte ambazo zinakushangaza kwa udogo, na vitabu vidogo kama kiberiti walivyojitengenezea utotoni. Mimi kilichonigandisha ni kitabu cha tiba za nyumbani cha Patrick, cha daktari aitwaye Thomas John Graham. Pembeni mwa kurasa, mzee aliandika maelezo yake mwenyewe kwa mwandiko mdogo, kuhusu magonjwa ya watu wa nyumbani mwake na dawa zilizojaribiwa. Ni daftari la mzazi mwenye hofu. Wengi wetu tunalo, siku hizi liko kwenye simu.

Jambo jingine: inasimuliwa kwamba mzee hakutaka mapazia madirishani. Watu walimwona mkali na wa ajabu. Lakini mwaka 1844 aliandika barua kwenye gazeti la Leeds Mercury akieleza kwamba katika miaka yake ya utumishi Haworth alikuwa amezika kati ya watoto 90 na 100 walioungua baada ya nguo zao kushika moto. Wote, alisema, walikuwa wamevaa pamba au kitani. Akawasihi wazazi wawavalishe watoto sufu au hariri, ambazo haziwaki kirahisi namna hiyo. Hariri kwa maskini wa Haworth ilikuwa ndoto, lakini kuhusu sufu alikuwa sahihi. Baada ya kusoma hivyo, habari ya mapazia sikuiona tena kama ukali.

Na kwa kuwa hii ni kurasa ya familia, niongeze hili la afyuni. Katika mtaa wa juu, karibu na kanisa, kuna duka la kizamani mahali ambapo Branwell anasemekana kununua dawa yake. Wakati ule Uingereza afyuni iliuzwa bila cheti cha daktari, na zilikuwapo dawa tamu za kuwatuliza watoto wachanga zilizochanganywa nayo. Mama aliyepaswa kwenda kiwandani alimpa mtoto kijiko kimoja, mtoto akalala kutwa. Wengine hawakuamka. Msihukumu haraka, nimeshakutana na wazazi wanaowapa watoto wao dawa ya mafua ili walale safarini.

Waliokataa kulipa

Ungedhani kwamba baada ya ripoti kama ya Babbage, kesho yake mafundi wangeanza kuchimba. Haikuwa hivyo. Babbage alipendekeza maji safi ya bomba, mitaro ya maji taka iliyofunikwa, vyoo bora na machinjio ya umma. Vyote vilihitaji fedha, na fedha ilipaswa kutoka kwenye kodi za wenyeji wenye mali. Baadhi yao walikuwa na maji yao tayari. Kwa nini walipie ya wengine?

Wakapinga na kuchelewesha. Patrick aliendelea kuandika London, barua baada ya barua, akilalamika kwamba muda unapita na hakuna kinachofanyika. Hifadhi ya maji kwa ajili ya mji ilijengwa mwaka 1858, miaka minane baada ya ukaguzi. Fikiria watoto waliozaliwa Haworth katika hiyo miaka minane.

Kuna haki ya kusema kwamba sayansi ya wakati ule ilikuwa bado gizani. Babbage mwenyewe, kama wataalamu wengi wa siku zake, aliamini kwamba ugonjwa unaletwa na harufu mbaya. Ilikuwa mwaka 1854 ndipo daktari John Snow alipoonyesha, kwa pampu moja ya maji jijini London, kwamba kipindupindu kinasafiri kwenye maji, na hata yeye hakuaminiwa mara moja. Lakini wapinzani wa Haworth hawakubishana na sayansi. Walibishana na bili. Na uzuri wa ushauri wa Babbage ni kwamba ulifaa hata kama sababu zake hazikuwa kamili: ukiondoa kinyesi karibu na bomba, umeondoa harufu na umeondoa vijidudu kwa pamoja.

Katika ripoti za miradi ya maji ninazosoma kazini nakutana na mabishano hayo hayo, isipokuwa majina ya mitaa. Mwenye kisima chake nyuma ya ukuta ndiye mgumu zaidi kushawishika.

Ukitaka kwenda

Kwa walioko Uingereza, au mwenye ndugu huko: nenda siku ambayo garimoshi la mvuke linafanya kazi, maana halitembei kila siku ya mwaka. Angalia ratiba kwanza. Siku nyingine kuna basi kutoka Keighley. Viatu viwe vya kushika, kwa sababu mawe ya barabara kuu yakilowa ni kama sabuni. Mwenye gari la mtoto la kusukuma ajiandae kulisukuma kwelikweli.

Kanisa ulionalo si lile la Patrick. Lilibomolewa na kujengwa upya kati ya mwaka 1879 na 1881, ukabakizwa mnara tu. Familia yote, isipokuwa Anne, imezikwa chini ya sakafu. Pembeni kuna jengo la shule ya Jumapili ambalo Patrick alilianzisha mwaka 1832. Tafuta pia kaburi la Tabitha Aykroyd, mtumishi wa familia, karibu na ukuta wa bustani ya nyumba. Alipovunjika mguu mwaka 1836, shangazi wa watoto alitaka aondoke akauguzwe kwingine. Wale wasichana wakagoma kula hadi alipoachwa abaki, nao wakamuuguza.

Nyuma ya nyumba njia inapanda kwenda nyikani. Hapo hakuna mti wa maana, ni upepo, kondoo na vichaka vifupi ambavyo mwezi wa nane vinageuka zambarau kote. Udongo ni mweusi, wa kuloweka maji kama sifongo. Mwaka 1824, baada ya mvua kubwa, udongo wa kilima cha Crow Hill ulipasuka ukaporomoka kama mto wa tope, wakati watoto watatu wadogo wa Brontë wakiwa nje wanatembea. Baba yao, aliyekuwa akiwasubiri dirishani, alidhani ni tetemeko la ardhi. Walirudi salama. Ukiwa na miguu, endelea hadi Top Withens, gofu la shamba ambalo watu hulihusisha na riwaya ya Emily, ingawa jengo lenyewe halifanani na lile la kitabuni. Kwenda na kurudi ni karibu nusu siku, kwa hiyo ukiwa na mtoto wa miaka mitano ishia kwenye maporomoko madogo ya maji yaliyopewa jina la familia hiyo.

Sisi hatukufika hata huko. Mvua ilitukuta juu ya kilima, tukarudi mbio hadi kwenye mgahawa mmoja wa barabara kuu, mtoto ana kiu. Dada aliomba maji. Mhudumu akafungua bomba nyuma ya kaunta, akajaza glasi, akaileta bila hata kuuliza kama tunataka ya chupa. Mtoto akainywa yote, akaomba nyingine, kisha akauliza treni inaondoka saa ngapi.